Viatu Mlangoni, Mtaa wa Kisutu

Bibi yangu alikaa nje ya hekalu moja la Mtaa wa Kisutu kwa miaka 11 bila kuingia ndani hata siku moja. Aliniambia habari hiyo mwaka jana, uani kwetu Kariakoo, akipepeta mchele, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja bei ya nyanya. Mimi nilikuwa nimeshamaliza miezi minne nikisoma habari za mahekalu hayo hayo kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili ya historia. Nilikuwa na madaftari matatu yaliyojaa. Ndani ya madaftari hayo hapakuwa na bibi yangu.

Wiki ile ile mwalimu anayenisimamia alikuwa amenirudishia sura ya pili. Pembeni ya ukurasa nilipoeleza namna wafanyabiashara walivyochangia ujenzi wa mahekalu, aliandika maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Nani alifagia?" Nilidhani ananitania.

"Bibi," nikamwuliza, "ulikuwa unafanya nini pale nje?"

"Nalinda viatu," akasema. "Vya mtoto, vya mama yake, vya bwana. Na vya wengine wakiniomba."

Alikuwa yaya. Mwaka 1961, akiwa binti wa miaka 15 aliyetoka Kisarawe, alipata kazi kwa familia moja ya Kigujarati iliyokuwa na duka la vitambaa Uhindini. Aliifanya kazi hiyo mpaka familia ilipoondoka nchini mwaka 1972. Hayo niliyajua juu juu, kama mtu anavyojua jina la kijiji cha babu yake asichowahi kukitembelea. Habari ya hekalu ilikuwa mpya kwangu. Nikamwomba tuende wote, anionyeshe alipokuwa akikaa. Alinyamaza, akapuliza pumba, kisha akasema miguu yake haiwezi tena mwendo ule, ila kwa bajaji atakwenda, kwa sharti dereva asikimbie.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Jumapili moja ya Oktoba, wiki mbili kabla ya Diwali, saa moja na nusu asubuhi. Siku za kazi bajaji hazina raha katikati ya jiji, lakini Jumapili mambo hulegea. Dereva alikuwa kijana wa mtaani kwetu. Alimwamkia bibi, akaitikiwa, akaambiwa, "Polepole mwanangu, leo natembea, siendi hospitali."

Kabla ya kupanda, bibi alidai tupite sokoni kwanza.

"Hatuendi kwa watu mikono mitupu," alisema.

Soko la Kariakoo halikujengwa kwa ajili ya kupendeza, lakini mimi hulipenda. Paa lake limeundwa kwa miamvuli mikubwa ya zege. Aliyelichora ni Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika wa Afrika Mashariki, na lilifunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 liliungua moto, likakarabatiwa. Jina la Kariakoo lenyewe ni kovu la vita. Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo hili lilikuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi mgongoni na kichwani. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Ulimi wa wenyeji ukalainisha maneno hayo mawili ya Kiingereza yakawa Kariakoo. Leo mtu husema "naenda Kariakoo" akiwaza viatu vya mtumba na simu za jumla. Hawazi wapagazi.

Bibi hakuwaza hayo. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza nazi, akaanza kuzitikisa sikioni moja baada ya nyingine.

"Ifue," akamwambia muuzaji, "lakini iachie kishungi."

Muuzaji akacheka. "Ya Wahindi hiyo, bibi."

"Ya Wahindi," akajibu.

Nilikuwa nimesoma kuhusu nazi katika ibada ya Kihindu, kwamba huvunjwa mbele ya sanamu kama sadaka na kwamba kipande hurudishwa kwa aliyeileta. Sikuwa nimesoma popote kwamba lazima ibakizwe nyuzi juu ya macho yake. Bibi alijua kwa sababu kila wiki yeye ndiye aliyetumwa kuinunua. Alizichagua, akazibeba, akazifikisha hadi kizingitini, na hapo mkono mwingine ukazipokea.

Tukaondoka taratibu, tukashuka kuelekea Mnazi Mmoja. Tulipofika kwenye Mtaa wa Lumumba dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Zamani uliitwa New Street, na ndipo TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Ng'ambo ya barabara ndiyo viwanja vya Mnazi Mmoja. Watu wengi hupumzika pale chini ya miti bila kujiuliza kwa nini mji uliosongamana namna hii ulibakiza uwazi mkubwa katikati.

Jibu lake halipendezi. Wajerumani, waliouhamishia Dar es Salaam makao ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliugawa mji kwa aina ya nyumba. Upande mmoja nyumba za Kizungu tu, upande mwingine nyumba imara za mawe, na mbali kabisa vibanda vya wenyeji. Kanuni ilitaja kuta na mapaa, lakini kila mtu alielewa inataja watu. Waingereza walipochukua nchi wakauendeleza mpango ule, na Mnazi Mmoja ukawa mpaka wa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, eti maradhi yasivuke. Mji ukawa na sehemu tatu zenye majina ambayo wazee bado wanayatumia: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

"Nilikuwa nakatiza hapa alfajiri," bibi alisema. "Kukiwa na giza bado. Nawahi kabla mtoto hajaamka. Usiku narudi hivyo hivyo."

Mara mbili kwa siku, kwa miaka 11. Sheria ya kutenganisha watu kwa rangi ilikuwa imekwisha nchi ilipopata uhuru, lakini yeye aliendelea kuuvuka mpaka ule kila siku kwa miguu, na kila upande alikuwa mtu tofauti. Kariakoo alikuwa binti wa fulani. Uhindini alikuwa yaya.

Nikamwonyesha miti. Mwarobaini, tunaouchuma majani kwa homa na kwa maradhi mengine 39, asili yake ni Bara Hindi. Mwembe nao ulivuka bahari ile ile, zamani zaidi. Kunguru waliokuwa wakigombania mfuko wa takataka pembeni mwa uwanja ni kunguru wa India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale uchafu wa mji, wakazaana, wakavamia pwani nzima, wakala na vifaranga vya ndege wengine. Hata chombo tulichopanda kinaitwa kwa jina la kampuni ya India. Na kama ungemnyang'anya bibi maneno yaliyotoka kwa Wahindi, angeshindwa kusimulia hata nusu siku yake: gari, chapati, bajia, gunia, bangili, bima, laki.

"Basi na sisi tumetoka India?" dereva akauliza.

"Sisi tumetoka Kisarawe," bibi akamjibu.

Uhindini huanza ghafla. Unavuka barabara ya Bibi Titi Mohamed na mara mitaa inakuwa myembamba, na roshani zinaning'inia juu ya kichwa chako. Nyumba nyingi za zamani ni za ghorofa mbili au tatu, duka chini na makazi juu. Kwenye baadhi yake bado unaona mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba vimeandikwa kwa zege karibu na paa. Zinapungua kila mwaka. Penye nyumba ya ghorofa mbili sasa kunasimama jengo la ghorofa 15. Tarehe 29 Machi 2013 mojawapo ya majengo hayo mapya, lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua zaidi ya watu 30.

Wahindi waliujua mwambao huu kabla mji haujakuwapo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta wafanyabiashara wa India, na watu wake, ambao hawakuwahi kumwona Mhindu, waliwadhania kuwa Wakristo wa aina ngeni. Karne ya 19, Seyyid Said alipouhamishia Zanzibar utawala wake, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Sewji, Mbhatia kutoka Kutch. Fedha zake na za wenzake ziliendesha misafara ya bara, ile iliyoleta pembe za ndovu na ile iliyoleta watu wakiwa watumwa. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Rigby, aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi, kwa hoja kwamba mabwana wao walikuwa raia wa Kiingereza na sheria ya Kiingereza iliwakataza. Nayataja haya kwa sababu historia ya mahekalu ikisimuliwa kwa uzuri wa marumaru peke yake, hugeuka tangazo la watalii.

Seyyid Majid alipoanza kuujenga mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, aliwaita wafanyabiashara wa Kihindi waje. Wakaja wachache. Alipofariki mwaka 1870 mji ulizubaa, ukaamshwa baadaye na Wajerumani na reli yao ya kati, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli ilipokwenda, duka la Mhindi lilikwenda.

Lakini hekalu ni jambo jingine. Wahindu wengi wa zamani, hasa wa tabaka za juu, waliamini kuvuka bahari kunamtia mtu najisi na kumwondoa katika tabaka lake. Wanaume walikuja peke yao, wakachuma, wakarudi kwao kuoa, kuzika na kutakaswa. Mtu wa namna hiyo anahitaji duka na kitanda. Hekalu hulijenga aliyemleta mkewe, akapata watoto, akaanza kuwaza mazishi yake mwenyewe. Ndiyo maana naliona kila hekalu la Kisutu kama tamko: tumeamua kubaki.

Mtaa wa Kisutu si mrefu. Ukiutembea asubuhi unasikia kengele kabla hujaona chochote. Mahekalu yamepangana kama maduka, ya Walohana, ya wafuasi wa Swaminarayan na mengine, kila jumuiya na lake, kila moja na milango yake ya nakshi na rangi zake za chungwa, waridi na samawati. Swaminarayan, ambaye wafuasi wake wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, alihubiri huko na kufariki mwaka 1830, miaka mingi kabla mji huu haujazaliwa. Yeye hakufika pwani hii. Waliofika ni waumini wake, wakiwa na picha zake ndani ya masanduku ya nguo.

Nikamwomba dereva asimame. Bibi hakushuka. Alikuwa anaangalia ngazi tatu za hekalu moja ambalo sitalitaja.

"Ngazi zilikuwa za saruji," alisema. "Hizi wameweka marumaru. Mimi nakaa pale, upande wa kivuli."

Kisha akaniambia yale ambayo hakuwa ameniambia uani. Kwamba katika ile nyumba hakuruhusiwa kugusa vyombo vya jikoni. Kikombe chake cha bati kilikaa dirishani, peke yake, na chai ilimiminwa kutoka juu ili birika lisikiguse. Kwamba yule mama alimfundisha kushona kwa cherehani, akamlipia daktari alipopata mimba ya kwanza, na kumpa wiki sita za mapumziko bila kukata mshahara. Mtoto wa nyumba ile alilala mgongoni kwake mpaka alipofika miaka mitatu, na neno lake la kwanza lilikuwa "maji", kwa Kiswahili.

"Alikuwa mtu mzuri au mbaya?" nikauliza. Lilikuwa swali la kijinga, na nilijua wakati naliuliza.

"Alikuwa mtu," bibi akasema. "Mnasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mimi viatu vyao nimevishika miaka 11. Ni viatu tu."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Humsema anayemchukia mtu lakini akaitaka mali yake au msaada wake. Inatusuta sisi zaidi kuliko Baniani, lakini tumeizoea kuitamka kama tusi kwake. Na kuna habari ambazo haziingii ndani yake. Ngurumo, gazeti la Kiswahili ambalo babu yangu hakukosa kulisoma, lilianzishwa mwaka 1959 na Randhir Thaker, Mgujarati mwenye kiwanda cha uchapaji hapa hapa Dar es Salaam. Nyerere aliposhtakiwa mwaka 1958 kwa makala aliyoandika katika gazeti la chama, miongoni mwa mawakili waliomtetea alikuwamo K. L. Jhaveri. J. K. Chande, aliyekulia Bukene huko Tabora, alinyang'anywa na taifa vinu vya familia yake mwaka 1967, kisha akaombwa na taifa hilo hilo aendeshe Shirika la Taifa la Usagishaji, na akakubali. Hao majina yao yapo. Nilikuwa nimewaandika wote.

Ila pia ipo Aprili 1971. Tarehe 22 mwezi huo sheria ilipitishwa ya kutaifisha majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi ambayo mwenyewe hakuyakalia yote. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Hoja ya serikali ilikuwa na uzito: mji mzima ulikuwa unalipa kodi ya nyumba kwa kundi dogo la watu, na kundi hilo lilitambulika kwa rangi. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja shilingi, kama ile ya Wajerumani ilivyotaja kuta. Waajiri wa bibi walikuwa na nyumba ya ghorofa mbili: chini duka, katikati wao, juu mpangaji. Mpangaji mmoja alitosha. Wakaamka wakiwa wapangaji wa Msajili wa Majumba ndani ya vyumba walivyovijenga, na hadi leo nyumba kama hizo zinabeba jina la Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi kazi za Msajili mwaka 1990.

"Mama alilia siku tatu," bibi alisema. "Na mimi nilikuwa sijui nilie au nicheke. Babu yako alirudi jioni ile akifurahi, anasema sasa na sisi tutakaa ghorofani. Hatukukaa."

Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin akatoa siku 90 kwa Waasia wa Uganda. Hapa Tanzania hakuna aliyefukuzwa namna hiyo, lakini hofu haina mpaka. Kabla mwaka haujaisha familia ile ilikwenda Leicester. Siku ya kufunga mizigo yule mama aliingia jikoni, akatoka na lota ya shaba, chombo ambacho bibi hakuwahi kukigusa, akamwekea mikononi. Hakusema kitu. Lota hiyo ipo kwetu mpaka sasa. Bibi huitumia kumwagilia mrehani wake uliopandwa kwenye kopo, na nimemwuliza mara nyingi ile ilikuwa zawadi, au ni mzigo uliozidi uzito wa ndege. Hujibu kwamba shaba haiulizwi.

Tulikuwa bado ndani ya bajaji wakati mzee mmoja alipotoka hekaluni na ufagio. Umri wake ulikuwa kama miaka sitini na kitu, shati jeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Alituona tunatazama. Akashuka ngazi, akasogea hadi kwenye bajaji, akainama.

"Shikamoo mama."

Bibi alichelewa kuitikia. "Marahaba, baba."

"Karibuni. Mmekuja kuangalia?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga. Alizaliwa huko, alituambia baadaye. Bibi akainua mfuko wa nazi. Akasema yeye ni Mwislamu, hakuja kuabudu, ila zamani alikuwa akileta nazi hapa. Mzee aliichukua ile nazi, akaigeuza, akaona kishungi, akatabasamu. "Huyu mama anajua," akaniambia mimi.

Kushuka kulichukua muda. Ngazi ya kwanza aliniegemea, ya pili akashika ukuta. Juu kabisa, mahali pa kuvulia viatu, alisimama. Nilidhani amechoka. Kisha nikaona anatazama kijiti chake cha kivuli, pale alipokuwa akikaa. Jua lilikuwa limehama. Jengo jipya la ng'ambo limekiziba kivuli cha zamani na kuweka chake.

Akavua kandambili. Nikainama nizichukue, lakini yule mzee aliwahi. Alizisogeza kwa mkono, akazipanga kando ya ukuta, na kusema, "Ziache, nitaziangalia mimi."

Tuliingia. Siwezi kusema kulitokea muujiza. Sakafu ilikuwa baridi. Kulikuwa na harufu ya ubani na samli, maua ya manjano, sanamu zilizovikwa nguo zilizoshonwa vizuri kuliko nguo zangu, feni tatu, na mama mmoja aliyekuwa akisoma kitabu chake bila kutujali. Ukutani palikuwa na vibao vya majina ya wafadhili, ndivyo vile vile nilivyovinakili mwezi wa Juni. Bibi alisimama karibu na mlango akiwa amejifunika khanga, mikono ameishika tumboni. Aliangalia kila kona, kama mtu anayekagua chumba kabla ya kukipanga. Kengele ikapigwa. Akashtuka kidogo, kisha akahesabu kwa midomo.

Hatukuzidi dakika kumi.

"Kumbe ni padogo hivi," alisema tulipotoka.

Nikamwuliza, na hili nilikuwa nimelipanga tangu usiku kwa sababu nililitaka kwa ajili ya sura ya pili, nani hasa alimkataza kuingia miaka ile. Nilitarajia jina, au kibao, au kanuni. Alikuwa anatafuta kandambili kwa kidole cha mguu.

"Hakuna aliyenikataza," akasema. "Hakuna aliyenikaribisha. Na mwenyewe sikutaka, dini yangu naijua. Lakini kutaka na kutotaka, unataka mtu akuulize."

Nikasimama pale ngazini na daftari mkononi bila kuandika. Kwa miezi minne nilikuwa nimetafuta marufuku. Nilitaka karatasi iliyosema Waafrika wasiingie, kwa sababu karatasi ya namna hiyo hunukuliwa. Sikuipata, na nilikuwa nimeanza kuandika, kwa uangalifu wa kisomi, kwamba hakuna ushahidi wa kutengwa. Sentensi ile ilikuwa ya kweli kwa nyaraka, na ilikuwa uongo kwa yule aliyekuwa amekaa ngazini.

Mzee alimletea nusu ya nazi, imevunjwa na kubarikiwa, ndani ya karatasi. Niliona uso wa bibi ukihangaika. Kula sadaka iliyowekwa mbele ya sanamu hakuweza. Kukataa mbele ya mtu aliyemlindia viatu hakuweza pia. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Kurudi tulipita njia ile ile, polepole zaidi. Mnazi Mmoja bibi alimwambia dereva asimame chini ya mwarobaini. Akafungua pindo, akaweka ile nazi juu ya jiwe, akajisogeza nyuma.

"Sadaka haitupwi," alisema.

Kunguru wa kwanza alishuka kabla hajamaliza. Wakaja wengine wawili, kisha kundi. Dereva alicheka. Bibi aliwaangalia mpaka wakamaliza nyama yote nyeupe na kubakiza kifuu, na ndipo alipozungumza tena, bila kunitazama.

"Yule mzee wa Tanga. Miaka 11 pale mlangoni hakuna aliyeniamkia shikamoo. Nilikuwa mdogo, ni kweli. Lakini na siku nyingine nzima, mpaka leo."

Sura ya pili niliirudisha kwa mwalimu mwezi Desemba. Majina ya wafadhili yamebaki, yana haki ya kubaki. Walitoa fedha zao na waliamua kubaki katika nchi hii. Lakini sura haianzi nao tena. Inaanza na nazi iliyoachiwa kishungi, iliyonunuliwa Kariakoo na binti wa miaka 15, na kubebwa gizani kuvuka uwanja uliowekwa makusudi ili asivuke. Kuhusu kutengwa nimeandika kwamba nyaraka zimenyamaza, na nikaeleza ni nani alikuwa amekaa nje wakati zinanyamaza. Jina lake halisi lipo katika tasnifu kwa ruhusa yake. Hapa ameniambia nisiliweke.

"Watu wa intaneti hawajui kuamkia," alisema.

Mwalimu alirudisha sura ikiwa na alama chache tu za kalamu nyekundu. Pale pembeni, palipokuwa na swali, hakuandika kitu.